Siri Kuu na Wajuzi Wake: Ainisho la Awali kutoka Isiolo

Ipo jamii ya riwaya ambayo wahakiki wetu huisoma usiku na kuikana mchana. Ndani yake maiti hupatikana kabla msomaji hajakaa vizuri, profesa huamshwa usingizini, na kufikia alfajiri dini moja kubwa ya dunia inachungulia kaburi. Makala haya yanaiainisha jamii hiyo kwa vigezo vilivyotulea sote tuliokalia mtihani wa Fasihi kidato cha nne: ufaafu wa anwani, ploti, taharuki, wahusika na umuhimu wao na, muda ukiruhusu, kinaya. Uwanja wa utafiti ni mji wa Isiolo. Sababu za kuuchagua ni za kitaaluma kabisa. Kwa miongo mingi lami kutoka Nairobi iliishia hapo, na kila habari iliyokuwa ikipanda kwenda Marsabit na Moyale, au ikishuka, ilibidi isimame kwanza, ikaguliwe kizuizini, kisha inywe chai.

Kielelezo kikuu ni The Da Vinci Code ya Mmarekani Dan Brown, iliyotoka 2003. Ina sura 105 katika kurasa zipatazo 450, yaani kurasa nne na ushei kwa kila sura. Kwa mizani ya kienyeji, glasi ya chai ya maziwa ya ngamia iliyoletwa mezani ikifuka moshi hunyweka ndani ya sura mbili. Kasi yenyewe hutokana na kanuni moja tu, ambayo nitaiita Kanuni ya Mlango: mwishoni mwa sura mhusika hufungua kitu (mlango, sanduku, bahasha, jicho), huona jambo, hushtuka, na msomaji haambiwi ameona nini. Mtahini huiita mbinu hiyo taharuki na kuitolea alama mbili. Mtu wa kawaida wa Isiolo angeiita ukorofi.

Jenasi hii huingia mjini kwa njia tatu. Kuna nakala ya mitumba, iliyopitia mikono ya watalii na wafanyakazi wa mashirika ya misaada, jalada limekunjamana na kurasa za mwisho zimekwenda; hii tuiite spishi isiyo mkia, na msomaji wake hutambulika kwa tabia ya kuwahoji wageni. Kuna faili ya simu, ambayo husambazwa na wengi na kusomwa na wachache. Na kuna filamu ya 2006, Tom Hanks akiwa na nywele ndefu, ambayo haiwezi kushika mizizi katika ukumbi wowote wa video wenye kujiheshimu kwa sababu wahusika wake hukimbia huku wakitoa mihadhara. DJ Afro, aliyewalea Wakenya kwa kuwasimulia sinema za kupigana, angefanya nini na mtu anayesimama katikati ya hatari ili aeleze maana ya pembetatu?

Tuje kwa wahusika. Wa kwanza ni Profesa wa Alama. Robert Langdon hufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard somo liitwalo simbolojia, ambalo Harvard haina. Kaskazini mwa Kenya somo hilo lipo, ila halina profesa. Ngamia hupigwa chapa ya ukoo, na kijana mchungaji ambaye hajawahi kukaa mbele ya ubao huisoma chapa hiyo kwa mbali, akakuambia mnyama ni wa akina nani na huenda amepotea kutoka upande gani. Nusu ya kazi ya Langdon imekwisha hapo. Nusu ya pili, ya kufumbua maandishi ya siri, wameshaimaliza madalali wa mifugo wa Kisomali, ambao hupatana bei kwa kushikana mikono chini ya kitambaa, kila kidole na thamani yake, huku watu wamewazunguka. Kama mfumo wa siri, huo umekamilika kuliko wowote aliobuni Brown. Kila mtu sokoni anaona kwamba siri inafanyika, hakuna anayeisikia, na mwisho wa siku mbuzi wanapakiwa kwenye lori bila mtu kufia jumba la makumbusho.

Mhusika wa pili anamlazimu mtafiti kuweka mzaha kando kidogo. Silas ni mtawa wa Opus Dei, ni muuaji, na ana ualbino. Kwanza, Opus Dei haina watawa. Pili, ualbino kwa kawaida huja na uoni hafifu, kwa hiyo mtu huyu anayepiga shabaha gizani na kuendesha gari usiku ni muujiza ambao Kanisa lingepaswa kuuchunguza kabla ya jambo lingine lolote kitabuni. Tatu, na hapa ndipo kitabu huanza kusomeka kinyume Afrika Mashariki, kwetu mwenye ualbino ndiye anayewindwa. Katika miaka ileile ambayo filamu ilikuwa ikizunguka dunia, mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa yakiripotiwa kwa wingi kutoka kanda ya Ziwa nchini Tanzania, na waliokuwa nyuma yake walikuwa na imani za kisiri zilizo halisi kuliko za Brown: waganga, wateja wenye fedha, na ahadi ya utajiri. Brown alikuwa na kila kitu mkononi isipokuwa nani amkimbie nani. Kenya ina Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama ya Rufaa, mwenye ualbino, ambaye kazi yake ni kuandika hukumu. Wa aina hiyo sijamkuta katika riwaya yoyote ya kasi, labda kwa sababu hukumu huandikwa polepole.

Kuhusu Opus Dei yenyewe, ukweli wa kienyeji unaiharibia riwaya vibaya sana. Jumuiya hii ya Kikatoliki, iliyoasisiwa na Josemaría Escrivá huko Uhispania mwaka 1928, katika kitabu hutisha watu kuanzia Paris hadi New York. Huku Kenya ilituletea Strathmore mwaka 1961, na mwaka huohuo chuo cha Kianda kilichowafunza wasichana kazi ya ukatibu. Vizazi vya Wakenya vimepita mikononi mwake vikitafuta vyeti vya uhasibu. Mwambie mzazi wa Bulla Pesa kwamba kijana wake ameitwa na watu wenye uhusiano na Opus Dei, na swali lake la kwanza litakuwa karo ni kiasi gani. La pili, kama kuna ufadhili. Hofu ya kiroho haitakuwa na nafasi kwenye foleni.

Mhusika wa tatu ni Tajiri Mpenda Historia, Sir Leigh Teabing. Ambaye hajafika mwisho wa kitabu aruke sentensi inayofuata. Ni yeye. Jina lake limeundwa kwa kuchanganya majina ya waandishi wawili, Leigh na Baigent, ambao mwaka 1982, wakiwa na mwenzao wa tatu, walitoa kitabu chenye dai lilelile kwamba Yesu alikuwa na mke na kizazi. Hao wawili walishtaki London wakisema wameibiwa, wakashindwa Aprili 2006, na Jaji Peter Smith, kwa sababu zinazojulikana na yeye, akaficha msimbo wake mwenyewe ndani ya hukumu kwa herufi za mlazo. Huo ndio ushahidi thabiti zaidi nilio nao kwamba jenasi hii huambukiza. Waliobaki, yaani polisi mkali, askofu mwenye mkoba wa fedha na mkuu wa tawi la benki ya Uswisi, ni wahusika bapa. Mtahini hatawauliza.

Sasa wasomaji. Kardinali Tarcisio Bertone aliwaonya waumini Machi 2005 wasikinunue wala wasikisome kitabu hiki, na Lebanon ilikuwa imekwisha kukipiga marufuku mwaka uliotangulia. Katika mji ambao adhana na kengele hushindania hewa moja, onyo kama hilo halifiki kwa usawa. Msomaji Mkristo hushikwa na kitabu mahali kilipokusudiwa: shingoni. Msomaji Mwislamu hufika kwenye siri kuu, ile iliyogharimu maiti kadhaa na karne nyingi za ulinzi, akasubiri iendelee. Kwamba Isa mwana wa Mariamu ni binadamu na nabii aliambiwa madrasa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Habari ya ndoa haiamini, kwa kuwa haimo katika Qurani, lakini wazo la mtume kuwa na mke na watoto halimwondolei usingizi. Aya ya 38 ya Sura ya Ar-Raad inasema waziwazi kwamba mitume waliotangulia walipewa wake na dhuria. Hivyo basi wasomaji wawili wanaweza kukaa benchi moja, wakasoma ukurasa mmoja, mmoja akafunga kitabu kwa hasira na mwingine akauliza chakula kimefika wapi.

Hata hivyo tofauti hii ya dini ni ndogo ukiilinganisha na pingamizi kubwa, ambalo linawaunganisha Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wa mji huu, na ambalo ndilo lililonifanya nianze ainisho hili. Siri ya Da Vinci ni siri ya ukoo. Chama kinachoitwa Priory of Sion kimelinda orodha ya wazao kwa karibu miaka elfu. (Cha kweli kilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard, na ukoo aliotaka kuulinda ulikuwa wake.) Sophie Neveu, mhusika mkuu wa kike, amefikia umri wa miaka thelathini na ushei bila kujua ametoka kwa nani. Ploti yote, kwa sura 105, imesimama juu ya binti ambaye hakuna aliyemwambia nasaba yake.

Tumshushe Sophie kwenye steji ya Isiolo tuone. Ameketi hotelini, hajaagiza.

"Karibu, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Sijui, mzee. Babu yangu hakuniambia."

"Babu yako ndiye nani?"

"Saunière."

Mzee anamgeukia jirani yake, wanatajiana majina. Anapiga simu mbili, moja Merti na moja Garbatulla. Kabla sukari haijayeyuka ukoo umepatikana, pamoja na mjomba anayefanana naye pua na shangazi anayekumbushia mahari ambayo haikukamilishwa. Riwaya imekwisha ukurasa wa tisa. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, kuhesabu baba baada ya baba hadi anapoishiwa na pumzi; Mborana atakuuliza kama wewe ni Sabbo au Gona kabla hajaamua akukalishe wapi. Kinachofichwa katika kanisa la Scotland na maktaba ya Paris, hapa ndicho salamu.

Mwandishi Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua hili tangu mwanzo. Mpelelezi wake Bwana Msa, aliyeingia duniani na riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hakimbii popote. Anavuta kiko, anamwacha rafiki yake Najum ahangaike, na anauliza maswali ambayo mafumbo yetu mengi huishia kwayo: nani alimwoa nani, na nani anarithi. Kuna mzimu, kuna maiti, kuna imani, lakini upelelezi ni wa nasaba. Laiti Brown angemsoma, angejua kwamba maarifa si kitu adimu. Adimu ni mtu aliye tayari kusimama na kuyasema mbele ya askari mwenye kalamu.

Je, nchi hii haina vyama vya siri? Inavyo, ila usiri wake ni wa aina tofauti. Wamasoni wana jumba lao Nairobi, Barabara ya Nyerere, lenye alama yao mbele ambayo abiria yeyote akitazama nje ya dirisha anaiona. Ni hekalu la siri lenye anwani. Iluminati, kwa mujibu wa matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za stima, hupokea wanachama kwa simu, saa zote. Lakini kielelezo bora zaidi cha jenasi hii kuandikwa Kenya hakikuandikwa na mwandishi. Kiliandikwa na tume.

Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Tume ilizunguka, ikasikiliza, ikaandika. Kisha ripoti ikawekwa kabatini, ikakaa humo hadi 1999. Nadharia ninayoitoa hapa, nayo ni mchango wangu wa pekee kwa taaluma, ni Kanuni ya Kabati: sura inayofungwa na Brown kwa kurasa nne, Serikali ya Kenya iliifunga kwa miaka. Katika muda huo kila mtu aliiandika ripoti upya. Shule za bweni zilijaa pete zenye nguvu, wanafunzi waliolala macho wazi, wanawake wenye kwato walioonekana Mombasa na binamu ya rafiki wa mtu. Basi likianguka, shetani. Jirani akijenga ghorofa, shetani. Ripoti ilipotolewa ilikuwa na madai ya kafara za watu, ulaji wa nyama za binadamu na miujiza ya kichawi, na ikayataja baadhi ya madhehebu yaliyotoka ng'ambo, yenye makanisa, mabango na saa za ibada zinazojulikana, kuwa ni milango ya shetani. Hatua ya maana haikuchukuliwa. Kwa upande wa fani naipa alama nyingi: wahusika wengi, mandhari pana, mwisho wazi. Kwa upande wa ushahidi sina la kuongeza.

Na bado haikuwa siri. Ukiwauliza watu wa rika langu wakati huo ibada ya shetani iko wapi, wote walijua: iko shule ya jirani.

Kuna mahali ainisho hili linapokoma, na ni vizuri kupataja. Katika riwaya, Askofu Aringarosa anapigwa risasi, anapona, na sura nyingine inaanza. Isiolo ilikuwa na askofu wake. Luigi Locati, Mwitaliano aliyeiongoza Vikarieti ya Kitume ya Isiolo, alipigwa risasi na kuuawa mjini humo usiku wa tarehe 14 Julai 2005, wakati nakala za Brown zikiuzwa kwa mamilioni duniani. Kabla yake kulikuwa na Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dido, miezi michache kabla ya bendera ya uhuru kupanda. Jina lake liko kwenye wodi ya mji na kwenye mtaa wa katikati ya Nairobi ambao wengi huupita wakitafuta benki. Hakuna katika vifo hivi msimbo wa kufumbua. Kesi ya askofu ilikwenda mahakamani kwa miaka, ikitajwa, ikiahirishwa, mashahidi wakisafiri, na watu walioifuata walizeeka nayo. Riwaya ya kasi inahitaji marehemu asiyejulikana na mtu yeyote isipokuwa muuaji. Hawa walijulikana, walikuwa na watu waliozoea kuwaona wakipita asubuhi. Siwatii kwenye jedwali langu, na anayetaka taharuki akaitafute Paris.

Kwa hiyo swali la kitaaluma linabaki: katika mji ambao ukoo, chapa, bei na mwenye kosa vyote vinajulikana, kipi kinaweza kufichwa kiasi cha kustahili sura 105? Jibu lipo, na halina uhusiano na Yesu. Ni ramani.

Tarehe 2 Machi 2012, huko Lamu, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua mradi wa LAPSSET. Katika michoro yake Isiolo ni njia panda: barabara, reli na bomba la mafuta, tawi la Juba na tawi la Addis Ababa, pamoja na jiji la kitalii upande wa Kipsing. Tangu hapo pamezuka jamii mpya kabisa ambayo fasihi haijaipa jina, na mimi naiita Wenye Ramani. Hawana hekalu. Hutambuana kwa viatu visivyo na vumbi na kwa kutoka nje ya hoteli kila simu inapoita. Msimbo wao ni namba za ploti. Alama yao ni nguzo fupi ya saruji inayopatikana asubuhi katikati ya malisho, mahali ambapo jioni ng'ombe walipita bila kujikwaa. Mzee aliyeupata ukoo wa Sophie kwa simu mbili, anayejua kila kisima na babu aliyekichimba, hawezi kukuambia nguzo ile imewekwa na nani, wala jina gani limeandikwa kwenye karatasi inayoiongoza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema malisho yanaweza kusajiliwa kwa jina la jamii yenyewe. Mzee ameisikia sheria hiyo kwenye baraza la chifu. Nakala hajaiona.

Hapa ndipo Langdon angepata kazi ya kweli. Tumwazie ameshuka uwanja wa ndege wa Isiolo, kwenye mpaka ambao Isiolo na Meru hazijamaliza kuugombania, koti lake la sufi limeshamwelemea kwa joto. Anapanda boda boda. Anapita Wabera, anafika ofisini, anapanga foleni nyuma ya akina mama wawili waliokuja na bahasha za kaki za marehemu waume zao. Ana elimu yote ya alama za Ulaya tangu Wagiriki. Zamu yake inafika, anainama dirishani na kuomba kwa upole aone ramani. Faili imetoka, anaambiwa. Imetoka na afisa. Afisa yuko semina Naivasha. Ajaribu Alhamisi, na akija aje na barua ya chifu.